Rangi Chini ya Mkanda

Abdulwahab alipaka rangi malori ya Kibaigwa kwa miaka kumi na miwili kabla ya kupata kazi kwenye karakana ya ndege ndogo mjini Dodoma. Kwa wenye malori alijifunza jambo moja: chuma kilichoachwa wazi ni aibu ya mpaka rangi. Basi Alhamisi jioni, alipoona kwenye mabawa ya ndege moja sehemu nne zilizokwanguliwa mpaka chuma kinang'aa, roho ilimuuma. Juu ya kila sehemu kulifungwa mkanda wa waya wa kusukwa, unaounganisha bawa na kile kipande chake cha nyuma kinachopanda na kushuka. Akafungua skrubu, akapaka rangi nyeupe mara mbili, ikakauka, akairudisha mikanda palepale. Hakumwambia mtu. Kizuri chajiuza, alijisemea.

Ijumaa saa nane mchana Kapteni Optatus aliirusha ndege hiyo kwenda Singida, amebeba wauguzi wawili. Abdulwahab aliporudi kutoka msikitini alimkuta Lea, fundi umeme wa ndege, amesimama mlangoni anatazama mawingu yaliyotanda upande wa Bahi, kwenye njia ya Singida, meusi ti.

"Mvua hiyo itakuwa na radi, dada Lea."

"Itakuwa nayo. Lakini ile mikanda niliifunga mwenyewe," Lea alisema. "Radi ikiipiga ndege, umeme unapita nje kwenye chuma, unatokea ncha nyingine, unakwenda zake. Redio na vipimo vinabaki salama. Ila lazima chuma kigusane na chuma. Kikiwepo kitu katikati, hata rangi tu, umeme unaruka kutafuta njia nyingine. Unaweza kuingia kwenye nyaya ukaunguza kila kitu."

Abdulwahab aligeuka kuyatazama mawingu. Hakuna aliyemwona jana. Angeweza kunyamaza. Akawafikiria wale wauguzi. Mmoja alikuwa amemsalimia asubuhi, akamuuliza habari za nyumbani kwao Kondoa.

"Dada Lea, mimi nimepaka rangi pale."

"Pale wapi?"

"Chini ya mikanda. Yote minne. Nilidhani mmesahau."

Lea hakupiga kelele. Alimtazama mara moja tu, akachomoa simu, akapiga mnara wa kuongozea ndege huku akitembea haraka kuelekea uwanjani. Abdulwahab alimfuata nyuma akisikia kila neno: mwambieni Optatus ageuze, asiingie kwenye mawingu, nitaeleza baadaye.

Mnara ulimwita Optatus kwa redio. Ukaita tena. Kule Bahi radi ilimulika mara mbili, na ngurumo yake ikachelewa kufika. Abdulwahab alichuchumaa kando ya uzio, midomo inamcheza kwa dua.

"Amejibu!" Lea alisema, mkono kifuani. "Amegeuza. Hakuwa ameyafikia."

Baada ya muda waliouona mrefu kuliko ulivyokuwa, ndege ilitokea, ndogo, nyeupe, ikashuka na kugusa lami bila kishindo. Abdulwahab aliketi chini kwenye vumbi na kulia waziwazi. Lea aliketi karibu naye.

"Ulichofanya jana ni kosa kubwa, na nitaliandika," alisema. "Ulichofanya leo nacho nitakiandika."

"Andika, dada. Andika yote."

Optatus alishuka amenuna. Alipoelezwa, aligeuka kutazama kule alikotoka, mahali ambapo sasa hapakuonekana ardhi wala mbingu, akavua kofia.

"Kumbe," alisema. Kisha akamshika Abdulwahab begani. "Bwana, asante kwa kusema."

Wauguzi walipewa chai. Mvua ilipofika ikipiga bati la karakana kama kokoto, Abdulwahab alikuwa juu ya ngazi na msasa mkononi, anaikwangua rangi yake mwenyewe, na Lea chini anamulika tochi.

"Bado kidogo pembeni."

"Hapa?"

"Hapohapo. Mpaka king'ae."