Swali la Tisa na Bakuli la Cheri

Haya yote ni kweli tupu. Mkininasa na uongo hata wa ukucha, chupa yangu ya mwisho ya pombe ya cheri ni yenu.

Kwenye bweni moja la chuo huko Niš, Serbia, Nevena alitandaza kitandani madodoso mia na ishirini yaliyojazwa na wanachuo wenzake, yasiyo na majina. Swali la tisa: kula chombo kimoja kunaambukiza virusi vya UKIMWI? Wote waliandika hapana, kasoro mmoja.

Alifurahi, kisha shaka ikamwingia. Alizaliwa na virusi hivyo, alimeza dawa kila asubuhi, na hakuna rafiki aliyejua. Kwenye karatasi wangekula naye. Mezani je?

Jumapili akawaita marafiki watatu, akaweka slatko ya mama yake, cheri zilizopikwa na sukari hadi kung'aa. Bakuli ni moja. Kila mgeni huchota kijiko kimoja tu, akala, akakitia kijiko kwenye glasi ya maji. Safari hii mwenyeji akatangulia kuchota.

"Kabla hamjachota, mjue nina virusi vya UKIMWI."

Vijiko vikaganda.

"Mimi nimepunguza sukari," akasema Tijana.

"Nimetoka kula," akasema Milica.

Vuk akajikuna shingo. "Aliyekosa swali la tisa ni mimi. Hebu nieleze, mate hayaambukizi?"

"Hayaambukizi."

"Na ukiwa na kidonda mdomoni?"

"Hata hivyo, kijiko hakikupi kitu. Tena dawa zimevibana virusi mpaka kipimo hakivioni. Hata mpenzi simwambukizi."

"Kumbe una mpenzi?"

"Hilo halimo kwenye dodoso, mbea wewe."

Vuk akachota, akala. Akachota tena.

"Mlafi, ni kimoja," Tijana akamnyang'anya bakuli, akachota chake.

"Si umepunguza sukari?"

"Nyamaza."

Milica aliaga na kijiko kikavu. Nevena alimtazama akiondoka, ikamuuma. Lakini sasa alijua, na wawili walikuwa bado mezani. Akachukua kalamu, akaongeza swali la kumi: Wewe ungekula?

Vuk naye akafikisha vijiko arobaini na kimoja, akalamba na bakuli.

"Arobaini?" akadakia Desanka, jirani yangu, akiweka chini kikombe chake cha kahawa. "Bakuli lile nilimpa Nevena, mpwa wangu, mimi mwenyewe, mzee. Halichukui hata vijiko kumi."

Basi nikashuka stoo kuwaletea ile chupa.