Taimingi kwa Sikio

Nilikuwa na neno la kumwambia Baba, na wiki nzima nilikuwa sijalisema. Nimepata kazi kwenye gereji kubwa upande wa pili wa mji, wanataka nianze Jumatatu. Gereji yetu ni banda la mabati, mafundi ni wawili, yeye na mimi bintiye. Nikiondoka anabaki peke yake. Basi, hilo ndilo neno lenyewe.

Akaja Bwana Leso. Tunamwita hivyo kwa sababu gari lake, la zamani kuliko mimi, hulifuta kwa leso ya mfukoni, halafu jasho lake mwenyewe anajifuta kwa mkono. Siku hiyo gari lilikuwa halina nguvu, kila mlima linapanda likihema.

"Ni taimingi," nikasema. "Cheche inachelewa. Nilete taa?"

Taa ya kupimia taimingi ninayo, nilinunua mwenyewe. Baba akaniangalia kana kwamba nimemtukana. "Taa ni ya wasio na masikio. Njoo usimame hapa."

Hapa ni mbele yake, ng'ambo ya injini, tunatazamana. Lazima nisimame hapo hapo, jua linichome lisinichome, nivute waya wa mafuta injini ingurume, naye azungushe distributa, kile kigawa cheche, taratibu. Siku zote nilidhani ni ubabe tu. Mzee wangu ubabe anao wa kugawia majirani na ukabaki.

Nikasimama, nimenuna kweli kweli. Nilishajiapiza kwamba leo haoni kicheko wala kisirani kwangu, nikaukausha uso kama wa picha ya kitambulisho. Nikavuta waya, akazungusha. Injini ikachangamka, vizuri. Akazidi kuzungusha. Sasa cheche ikawa inawahi mno, injini ikaanza kugonga kama misumari ndani ya kopo. Nikasubiri aache. Wapi! Akanitazama usoni, akazungusha tena kidogo, akanitazama, akakaza nati.

"Safi," akasema. "Sikia ilivyotulia."

Bwana Leso, aliyekuwa nyuma yake, akaruka. "Ala! Fundi, mbona inagonga hivyo? Unataka kuniulia injini?"

Baba hakugeuka hata kidogo.

Hapo ndipo nilipoelewa. Mzee hasikii. Amekuwa akitega taimingi kwa uso wangu: nikikunja, anarudisha, nikitulia, anakaza. Tangu lini, sijui. Nilimwonea huruma, halafu nikapandwa na hasira kwamba hakuniambia, halafu nikaona aibu, maana niko naye kutwa na sikujua.

"Nimevuta waya vibaya mimi," nikamwambia Bwana Leso. "Tunarudia."

Nikamwonyesha Baba kwa mkono alegeze. Safari hii nilimpa uso wote: ilipogonga nikaukunja, ilipotulia nikaulainisha. Akakaza. Bwana Leso akaondoka, na mlima wa pale mbele akaupanda bila taabu.

Baba akaenda bombani kunawa, kanipa mgongo. Nikaita, kwa sauti ya kawaida tu, "Baba." Akaendelea kunawa. Nikaita tena. Akachukua sabuni.

Ningeweza kumwambia hapo hapo mgongoni, nikajiridhisha kwamba nimeshasema. Nililifikiria hilo, tena sana, na hata mdomo niliufungua. Nikaufunga. Nikasubiri amalize.

Akageuka akijifuta mikono, akanitazama usoni.

"Wiki nzima unaniangalia kama mtu anayeaga," akasema. "Unaondoka lini?"

Nikasogea kwenye mwanga, nikamwelekea vizuri, nikasema taratibu, midomo nikiifungua sana ili asipitwe na neno.

"Jumatatu, Baba."