Tomoya Anabana kwa Niaba ya Shule

Siku ya pili ya muhula wa Septemba, watoto wa darasa la tatu walipanga foleni pekupeku mbele ya chumba cha afya, wamevaa fulana na kaptura nyeupe za michezo, wakapimwa urefu, macho na uzito. Murakoshi Tomoya, mtoto wa miaka minane mwenye miguu myembamba na tumbo lililochomoza kidogo, alipanda mizani. Mizani ikasoma kilo mia moja na kumi na mbili. Mwezi Aprili alikuwa na ishirini na nne. Bi Mizusawa, mwalimu wa afya, aliandika 112 kwenye kadi, akahakikisha tarakimu zimekaa vizuri ndani ya mstari, akamwita anayefuata.

Sababu ilijulikana na kila mwenye pua. Tangu aanze shule, Tomoya hakuwahi kwenda haja kubwa shuleni hata siku moja, na siku hizi hata nyumbani alienda mara moja kwa wiki mbili, tena kwa machozi. Choo cha wavulana kina mikojoleo mitano isiyo na pazia na vyumba vitatu vyenye milango. Anayekojoa husimama wazi. Kwa hiyo anayefunga mlango amejitangaza. Wenzake humgongea, humchungulia kwa juu, humwimbia, na jina la Mzee Mavi humganda mpaka amalize darasa la sita. Walimu wanajua. Akina baba wanajua. Wote walibana utotoni, na kwenye karamu wanalisimulia jambo hilo kwa kicheko, kana kwamba ujinga ukirithiwa vizazi vitatu unakuwa utamaduni.

Nyumbani, bibi yake Fusae alikuwa akiinua chupi ya Tomoya kila alasiri kwa vijiti vya zamani vya kupikia.

"Umejinyea tena? Darasa la tatu! Baba yako umri huu alikuwa anabeba magunia ya mpunga."

"Mama, yeye mwenyewe hasikii ikitoka," alisema Chizuru, mama yake Tomoya.

"Hasikii! Wewe mkwe ndiye uliyemdekeza. Na mikeka yangu ya tatami je? Kila anapolala pamebonyea."

Ilikuwa kweli, pamebonyea. Chizuru aliweka mlango wa zamani wa kabati chini ya godoro la mtoto, na jambo la mikeka likaishia hapo.

Jumamosi alimpeleka kwa Daktari Isogai, mwanamke mfupi asiyependa maneno mengi. Daktari alibonyeza tumbo taratibu, upande wa kushoto, kisha chini ya kitovu.

"Huyu si mvivu wala si mchafu," alisema. "Amefunga choo miaka miwili na nusu. Kigumu kimeziba njia, kilaini kinapenya pembeni, na yeye hawezi kukizuia. Msimkaripie, mnanielewa?"

Aliandika dawa ya unga ya kulainisha choo, ikorogwe kwenye chai ya shayiri kila siku, kwa miezi, si kwa siku. Kila baada ya kula mtoto akae chooni dakika kumi, miguu juu ya kigoda, bila haraka na bila kelele. Shuleni pia, baada ya chakula cha mchana.

"Na huu uzito, daktari?"

"Utatoka pamoja na kilichobanwa. Lakini akiendelea kubana, utumbo utatanuka mpaka usahau kazi yake. Hapo itatuwia vigumu sana." Aliandika barua kwa shule, akaipiga muhuri.

Wiki hiyo mbao za sakafu ya ghorofa ya pili zilipasuka chini ya dawati la Tomoya. Shule ilihamishia darasa chini, ikaondoa kiti chake na kuweka jiwe kutoka bustanini. Hakuna aliyeuliza. Mwalimu wake wa darasa peke yake, Okabayashi, ndiye aliyeona kitu. Kwa miaka kumi na moja mfululizo shule ilikuwa imeshika mkia katika mashindano ya kuvuta kamba ya shule nne za wilaya. Alimtazama Tomoya akizama polepole kwenye mchanga wa uwanja hadi vifundoni, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu Aprili.

Mwalimu mkuu Kuwahara alikuwa mtu wa aina ile ambayo ukimwambia nyumba inaungua atauliza kama moto umejaza fomu. Aliisoma barua ya daktari mara mbili akiwa amesimama, huku Chizuru akimwomba mtoto atumie choo cha walimu.

"Mama Tomoya, tunakushukuru kwa kutushirikisha," alisema. "Lakini vyumba vya wanafunzi vipo, milango ipo. Na choo cha walimu ni cha walimu. Tukimruhusu mmoja, kesho wote watataka kwenda haja."

"Kwani hawatakiwi kwenda, mwalimu mkuu?"

"Nyumbani, ndiyo."

Okabayashi alisogeza kiti chake mbele. "Na hii dawa, mama, haiwezi kusubiri kidogo? Mashindano ni tarehe kumi na tisa Oktoba. Wiki nne tu. Mtoto ana kipaji jamani."

Chizuru aliinama, akaomba radhi kwa usumbufu, akarudi nyumbani akakoroga dawa. Kwa lile la kwanza simlaumu, huku ndivyo mtu anavyotoka ofisini kwa mkubwa. Kwa la pili namvulia kofia.

Dawa ilifanya kazi. Jumamosi na Jumapili Tomoya alikaa kwenye choo cha nyumbani, kiti kina joto, kigoda chini ya miguu, mama yake akimsomea kitabu cha mbawakawa nje ya mlango, na akapungua kilo tisa. Mabomba ya mtaa mzima yaliguna. Jumatatu alirudi shule, na kufikia Ijumaa alikuwa ameongeza kumi na tano. Okabayashi alichora grafu ya uzito wake akaibandika karibu na ratiba ya chakula, na kila Jumatatu mstari ulipoonekana umeshuka, darasa zima lilimtazama Tomoya kwa huzuni, kama mtu aliyekula sehemu ya wenzake.

Wiki ya kwanza ya Oktoba, baada ya wali, samaki na supu ya miso, Tomoya alihisi kitu alichokuwa amekisahau. Alihisi haja. Alikwenda chooni, akaingia chumba cha mwisho, akafunga mlango. Punde akasikia miguu ya watu nje, akasubiri kugongewa. Hakugongewa.

"Tomoya," ilisema sauti ya Ryuji, yule aliyewabatiza watoto watatu jina la Mzee Mavi. "Ni sisi. Hatucheki."

"Nendeni basi."

"Zimebaki siku kumi na mbili tu, bwana. Vumilia."

"Siwezi. Imefika."

"Unaweza. Sisi sote tunavumilia. Shunpei anavuta na malengelenge mkononi, humsikii akilia. Wewe ndiye nguzo yetu, ujue."

Ulikuwa wakati wa usafi, na wavulana wote wa darasa walikuwa wamesimama pale na mifagio na matambara, wakianza kusema kwa pamoja, kwa upole kabisa, vumilia, vumilia. Katika maisha yake hakuna mtu aliyewahi kumtegemea Tomoya kwa lolote. Alisimama, akapandisha kaptura, akafungua mlango. Wakampigia makofi. Kwetu husemwa mficha uchi hazai. Huku mficha uchi hupigiwa makofi. Haja ikapita, na haikurudi tena wiki ile wala wiki iliyofuata, hata nyumbani, na mstari wa grafu ukapaa bila kushuka.

Tarehe kumi na tisa mbingu ilikuwa safi. Tomoya, kilo mia tatu na sita, alifungwa mkiani mwa kamba. Hakuvuta. Alisimama tu, na watoto wa upande wa pili walivuta mpaka wakaanguka kifudifudi. Shule ya kwanza ilishindwa hivyo, na ya pili pia. Katika mvuto wa mwisho, kilaini kilipata njia yake, na kaptura ilikuwa nyeupe.

"Kajinyea! Oneni, kajinyea!"

Wapinzani waliachia kamba kwa kicheko, na hivyo wakashindwa. Wenzake walisubiri hadi kombe likabidhiwe, kisha nao wakacheka. "Mzee Mavi, kaa mbali na kombe," alisema Ryuji akiziba pua. Okabayashi alicheka akiwa amegeukia upande. Fusae, kwenye mkeka wa wazazi, aliinamia kikapu cha chakula akatafuta ndani yake kitu ambacho hakikuwepo. Chizuru alivuka uwanja peke yake, mbele ya shule nne, akamfunga mtoto koti lake kiunoni. Watu wazima mia nne walikuwapo, na aliyesogea ni mmoja. Nawadharau wote waliobaki, na wao walipata usingizi mzuri usiku ule.

Kuwahara alihutubia juu ya uvumilivu. Picha ya ushindi ilipigwa kuanzia kiunoni kwenda juu, ikatundikwa mlangoni. Tomoya alipewa cheti. Chizuru alipouliza tena kuhusu choo cha walimu, Kuwahara alimweleza kwa heshima kwamba mashindano ya mkoa ni Februari, na kwamba zege la kumsimamishia mtoto tayari limeshamwagwa, itakuwa vibaya kuwaangusha waliolimwaga.

Mwezi Novemba Daktari Isogai alimlaza Tomoya kwenye kitanda cha chuma kilichoazimwa kwa fundi wa magari. Alibonyeza upande wa kushoto. Alibonyeza chini ya kitovu, kwa nguvu zaidi.

"Hapa unasikiaje?"

Tomoya aliutazama mkono wa daktari kwa muda mrefu. Alitaka kujibu vizuri.

"Samahani, daktari," alisema. "Nilitakiwa nisikie nini?"