Diski Iliyokamuliwa

Mume wangu Bujiku ana studio ya picha hapa Ngokolo, na tangu alipohudhuria semina ya kutunza kazi za kompyuta, nyumbani hatupumui. "Bakapu, Mama Ritha," ananiambia nikiwa nasonga ugali, "haikai nyumba moja na kompyuta!" Nilidhani atanunua kabati. Yeye akafanya kama marehemu baba yake alivyofanya na ng'ombe: akagawa kwa ndugu, ili ugonjwa ukiingia zizi moja, mengine yapone.

Diski moja yenye nakala za kazi zote ikaenda Nyarugusu kwa Shangazi Martina. Nyingine ikaenda Mwakitolyo kwa mdogo wake Masalu, mwenye banda la kuonyeshea wachimbaji video. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nikamuuliza kama ametafuta na mchungaji.

Sikucheka niliposikia kwamba Masalu anawaonyesha wachimbaji harusi za wateja wetu kila jioni. Nilimpigia simu nikamfokea.

"Shemeji," akanijibu bila haraka yoyote, "mkinipa ng'ombe niwatunzie, maziwa si yangu?"

Mvua zilipoanza, radi ikapiga studio. Kompyuta ikaungua na kila kilichokuwamo. Bujiku hata hakushtuka, alijipigapiga kifua tu. Kisha akaja Noela.

Noela tulimpiga picha za harusi mwezi wa pili, na video yake Bujiku alikuwa bado "anaihariri", kama anavyohariri zote. Ni binti wa maneno mengi, huwezi kupata nafasi ya kumkaribisha kiti. Safari hii aliongea huku analia. Baba yake, Mzee Luka, walikuwa wamemzika wiki iliyopita. Siku ya harusi, Noela alipotoka ukumbini kubadili gauni, mzee alishika kipaza sauti akamwambia mkwe wake maneno yaliyovunja watu mbavu. Kila aliyemuuliza alimpa maneno tofauti. Alitaka kuyasikia kwa baba yake mwenyewe.

Bujiku akakimbilia Nyarugusu. Shangazi alikuwa ameitunza diski kwa heshima zote: ameifunga kwa kitenge, ameizamisha kwenye pipa la mpunga wezi wasiione, na hakuna aliyeigusa tangu siku aliyoipokea. Aliporudi nayo tukaichomeka kwenye kompyuta ya kuazima; ilikwaruza kidogo, ikanyamaza moja kwa moja. Bujiku alibaki ameishika kwa mikono miwili. Nilikuwa na utani wangu tayari mdomoni, lakini nilimwonea huruma nikaumeza.

Ikabaki ya Masalu, ile iliyonifanya nimfokee. Tulikwenda watatu kwa gari la studio, Noela akiongea njia nzima, mimi nikiomba kimoyomoyo Masalu asiwe ameifuta ili aweke filamu za mateke.

Banda lilikuwa limejaa. Masalu alitupokea mlangoni, nikamnong'oneza shida yetu.

"Mzee wa kofia?" akasema. "Huyo mbona hawa wananiomba niwawekee kila siku!"

Akatukalisha nyuma, akachomeka diski. Ikawaka mara moja. Mzee Luka akatokea, kofia imelala upande, ananyoosha mkono kuomba kipaza sauti. Akafungua mdomo, na banda zima likasema pamoja naye, wanaume wenye vumbi mpaka kwenye kope:

"Mkwe wangu, huyu mtoto anaongea sana. Akikuchosha, usimfokee. Nirudishie. Mimi nimeshamzoea!"

Wakaangua kicheko, na mzee akacheka nao. Noela alikuwa ameushika mkono wangu mpaka unaniuma, na mimi nilikuwa nalia bila aibu.

Masalu akasimamisha picha. "Jamani," akawaambia, "mtoto mwenyewe anayeongea sana ndiye huyu hapa nyuma. Mzee wamemzika juzijuzi tu."

Vichwa vyote vikageuka. Mmoja akavua kofia yake.

"Nirudishe nyuma, ng'wana Luka?" Masalu akauliza, akimwita mtoto wa Luka kwa Kisukuma.

Noela akaitikia kwa kichwa. Mara ya pili wachimbaji walinyamaza wote, wakamwachia mzee aseme peke yake.