Wasifu wa Ndunge

Wanza nilimtoa mimi, kwa mikono yangu hii. Hakuibwa, hakunyang'anywa. Nasema mapema kwa sababu hapa mtaani Lucky Summer midomo ni mingi, na imeshaanza kusema eti Maingi alimtorosha mtoto. Uongo. Nilimvalisha mjukuu wangu viatu, nikavifunga kamba, nikamkabidhi kwa baba yake mbele ya kanisa zima, na watu wakapiga makofi. Na aliyenipa moyo wa kufanya hivyo ni binti yangu Nzilani na Kiingereza chake.

Nzilani ni kitinda mimba wangu. Yuko chuo, mwaka wa mwisho, anasomea fasihi ya Kiingereza na uandishi. Aliponitajia hiyo kozi nilimuuliza, "Sasa utaajiriwa na nani, kalamu?" Lakini usidhani sikuringa. Niliringa! Ninashona sare za shule, na mteja akikaa kidogo tu kungoja kifungo, lazima asikie kwamba nina mtoto anayeandika Kiingereza mpaka mwalimu anakisoma mbele ya darasa. Aliwahi kunieleza wanachofundishwa. Eti mwandishi hodari hakwambii fulani ni mchoyo. Anakuonyesha fulani akifunika sufuria mgeni anapobisha hodi, kisha anakuacha useme mwenyewe kwamba ni mchoyo. Nikamwambia huo ni uvivu, kazi ya mwandishi mnamtupia msomaji. Tulicheka siku hiyo mpaka nikamwaga chai.

Halafu Ndunge akafa. Ndunge ndiye kifungua mimba wangu. Alikuwa karani kwenye duka la vipuri, akikaa na Maingi katika ghorofa za Tassia na mtoto wao mmoja, Wanza. Maingi alisema stima ilipotea, Ndunge akateleza kwenye ngazi akipandisha maji. Ngazi za huko nazijua, nyembamba na giza hata mchana. Daktari naye akaandika kuanguka. Nikaamini. Kwa nini nisiamini? Maingi ni mtu wa salamu, mtu wa kanisa, na ukimtembelea atakupikia chai yeye mwenyewe.

Kumbe nisilolijua, Nzilani alilijua. Dada yake alikuwa amemwonyesha alama za kipigo, mgongoni, mbavuni, kila mahali, kisha akamwapisha asiniambie, kwa sababu mama ana presha. Presha! Katika nyumba hii nafichwa kila kitu kwa sababu ya presha, kana kwamba mimi ni yai.

Shemeji yangu Nzivo akawa mwenyekiti wa kamati ya mazishi. Akamwagiza Nzilani aandike wasifu wa marehemu, maana huku kwetu wasifu usiposomwa kwa Kiingereza, watu wanaona maiti hajaheshimiwa. Akamwonya pia kwamba wasifu hautaji mabaya, na kwamba kamati itausoma kabla haujapigwa chapa. Maingi mwenyewe alikuwa kwenye hiyo kamati.

Na kulikuwa na jambo kubwa lililokuwa likingoja. Kwetu Ukamba mwanamume hajawa mkwe mpaka alete mbuzi wa ntheo. Bila hao mbuzi mke si wake, na mtoto si wake. Maingi alikuwa hajaleta hata mguu wa mbuzi. Sasa aliahidi kuwaleta, hata baada ya kifo, na akamtaka Wanza. Wazee wakakubaliana kwamba niulizwe baada ya ibada, mimi mama, kama nampokea mtu huyu. Nikisema hapana, Wanza anabaki nami Lucky Summer. Ni neno langu tu. Nzilani alilijua hilo, na ndiyo sababu aliandika alivyoandika.

Akasimama kando ya jeneza la dada yake. Dedan, shemasi wetu, akasimama karibu naye akitafsiri kwa Kiswahili, sentensi kwa sentensi, kwa ajili yetu sisi wa sindano na uzi. Dedan alitafsiri vizuri, simlaumu.

"Hakuna aliyemjua Ndunge kama Maingi," Dedan akasema. "Alijua saa anayotoka kazini. Kila jioni alimngoja getini."

"Amina," kina mama wakasema.

"Alimnunulia sweta za mikono mirefu, na Ndunge akazivaa hata katika jua la Februari. Alimnunulia miwani myeusi. Ukimpigia Ndunge simu, Maingi ndiye aliyepokea, ili Ndunge apumzike. Nyumba yao ilikuwa tulivu. Hata Wanza alijifunza kucheza bila kelele."

Aiyaa! Wanawake walianza kuwapiga waume zao viwiko. Mama Triza, jirani yangu, akaninong'oneza, "Bwana wa namna hii siku hizi utampata wapi?" Maingi alikuwa ameinamisha kichwa, akijifuta macho. Mimi nililia, lakini humo ndani ya kilio kulikuwa na kitu kama furaha. Nilijiambia, mwanangu alipendwa. Alikufa, lakini alipendwa.

Nzivo alipouliza, sikumeza hata mate. "Nampokea," nikasema. "Mtoto aende kwa baba yake." Nzilani alikuwa bado amesimama pale mbele, mdomo wazi. Nilidhani ni uchungu.

Tulipotoka makaburini Maingi alikuwa ameshaondoka na mtoto. Nyumbani, tukiosha sufuria za wageni, nikamshukuru Nzilani. Nikamwambia, "Asante, mwanangu. Umemheshimu shemeji yako." Akaketi sakafuni kwenye maji machafu. Hapo ndipo akaniambia yote, mgongo, mbavu, jino lililong'oka, usiku ambao Ndunge alifungiwa nje, akalala kwenye ngazi hizo hizo.

Nikaiacha sufuria. "Na hukusema?"

"Nilisema, mama! Kila mstari nilisema!"

"Ulisema wapi? Nionyeshe mahali uliposema anampiga!"

"Sweta, mama! Miwani! Ulidhani ni za nini?"

"Nilidhani ni zawadi!"

Akalia kwa sauti ambayo sijaisikia tangu akiwa mdogo. Akasema alikuwa amewasomea wenzake chuoni kabla ya mazishi, na wote walielewa. Mwalimu wake alitoka nje kulia. Akadhani nami nitaelewa, mimi zaidi ya wote.

"Basi mngemzika huko chuoni!" nikamwambia. Nikainua mkono kumpiga, nikaushusha. Katika familia yangu mtu ameshapigwa vya kutosha.

Asubuhi tulikwenda Tassia. Presha ilikuwa juu, nikapanda zile ngazi nikishika ukuta. Maingi akafungua mlango akiwa na kitambaa cha vyombo begani.

"Mwaitu, karibuni," akasema, kama mtoto anayemwita mama yake. "Mngepiga simu niwapikie."

"Nimekuja kumchukua Wanza."

Hakukasirika. Laiti angekasirika. "Mbuzi wako njiani kwenda kwa mzee Nzivo. Neno ulilitoa wewe mwenyewe, mwaitu. Au tuwaambie watu kwamba Nzilani alisoma uongo mbele ya jeneza?"

"Ulimuua dada yangu," Nzilani akasema. Alisema kwa Kiswahili, kwa sauti, neno moja baada ya jingine, bila pambo lolote. Milango ya majirani ikafunguka kidogo. Mwanamke mmoja akatutazama kwa muda, nikaona kabisa kwamba huyu anajua, huyu alikuwa akisikia kupitia ukuta. Akafunga mlango wake taratibu.

"Ana majonzi," Maingi akawaambia majirani. "Tumwombee."

Wanza akatokea nyuma ya mguu wake. Kabla ya mazishi alikuwa kwangu, akinivuruga nyuzi, akinipigia kelele nimshonee gauni la mwanasesere. Nikachuchumaa, nikanyoosha mikono. "Wanza, mjukuu wangu. Hujambo?"

Akafungua mdomo kunijibu, kisha akamwinulia baba yake macho kwanza. Maingi akatikisa kichwa kidogo tu, na mtoto akaufunga mdomo, akarudi ndani.