Senge Mwenye Kikohozi

Kutoka college Kitale nilikuwa na habari mingi, mpaka mtu wa boda nilimpa zote: ati nimepita mitihani, ati ndugu yangu Wanyonyi amepata mtoto, ati sasa mimi ni senge, dada ya baba. Hiyo ya kikohozi sikumwambia. Ilikuwa wiki ya tatu na nilikuwa nimeizoea.

Edah, bibi ya Wanyonyi, alikuwa ameshasema kwa simu, "Mwenye homa asiguse mtoto wangu." Kwa hivyo niliingia kwao Naitiri na peremende ya minti shavuni. Nikisikia kikohozi kinakuja, natoka nje ati nachota maji.

"Mulamwa, wifi yangu, kumbe college wanafunza kazi," Edah akasema.

Nikacheka, nikambusu Ian, huyo mtoto wao, puani.

Siku ya kumi, Ian akaanza. Anakohoa mfululizo bila kuvuta pumzi, midomo inageuka zambarau, anatapika maziwa, halafu ananyamaza mpaka unamtikisa.

Lakini mimi na Edah tulipomfikisha kliniki, akalala tu vizuri. Daktari Chesang akamsikiliza kifua mara mbili. "Kifua iko safi. Inaweza kuwa homa ya kawaida. Kuna mtu mkubwa nyumbani amekohoa zaidi ya wiki mbili?"

"Hakuna," Edah akasema. "Labda watoto wa jirani, wa Phelista. Hao walizaliwa na makamasi."

Watoto wa Phelista hawajawahi kuingia kwa hiyo nyumba. Daktari akaanza kuandika dawa ya homa. Na mimi, mtu wa kuongea hata usingizini, nikatema peremende mkononi.

"Ni mimi," nikasema. "Karibu wiki tano."

Kalamu ikasimama. "Inakuja kwa kushikana, mpaka unataka kutapika?"

"Ndio."

"Na mtoto hajafikisha chanjo ya wiki sita." Akageukia Edah. "Mama Ian, nashuku kifaduro. Mtu mkubwa anatembea nacho akidhani ni kikohozi tu. Mtoto kama huyu hata ule mlio wa kuvuta pumzi anaweza kosa kutoa. Anaacha tu kupumua."

Akaingiza kijiti chembamba chenye pamba puani mwa Ian, ndani kabisa. Ian akalia, akakohoa, na daktari akajionea ile midomo. Majibu ya maabara hakungojea. Alianzisha dawa hapo hapo, akaandika barua alazwe Bungoma.

"Na wewe keti," akaniambia. Akafungua kijiti kingine.

Edah hakunitukana. Heri angenitukana. "Si ungesema tu, Nabwile," akasema. "Ungemwona kwa dirisha."

Walienda bila mimi. Nilibaki nikimeza dawa siku tano, simu mkononi. Majibu yalitoka ni kifaduro, mimi na Ian wote. Ian alikuwa kwa oksijeni.

Siku ya sita Wanyonyi akapiga. "Leo amenyonya bila kutapika. Edah amesema nikwambie."

"Amesema nini ingine?"

"Amesema nikwambie hiyo tu."