Siku ya Kumshukuru Pascalia

Kanisa letu la Shirere lina kamati ya kila kitu, hata ya maua ya plastiki. Mwaka huu Beldina, mwenyekiti wa akina mama, alirudi kutoka semina Nairobi akiwa amegundua kwamba Yesu aliwaosha wanafunzi wake miguu. Akasema na sisi tuwashukuru "watu wadogo". Maneno hayo ni yake.

Mtu mdogo aliyepatikana ni Pascalia, anayefagia kanisa, kusafisha vyoo na kupika kila tukiwa na wageni. Miaka yote tulimwita "mama wa kanisa", kwa hiyo ilibidi Beldina amuulize mlinzi jina lake. Hata hivyo bango lilikuja limeandikwa PASCARIA, likatundikwa vivyo hivyo.

Jumapili ilipofika, walialikwa wachungaji kutoka Khwisero. Nani angewapikia? Hakuna aliyejisumbua kuuliza. Pascalia alifika alfajiri, akachinja kuku, akawasha moto.

Mchungaji Khaemba, mmoja wa wageni, alihubiri unyenyekevu mpaka watoto wakalala. Beldina alilia, akijifuta kwa kitambaa kilichofanana na gauni lake. Kisha mshukuriwa akaitwa kutoka jikoni. Alikuja na aproni, manyoya ya kuku yamemganda mkononi. Akavishwa leso, akapigwa picha. Beldina akamkumbatia kwa mbali kidogo, akamnong'oneza, "Haya, rudi haraka, wageni wana njaa."

Kipaza sauti hakikuwa kimezimwa. Kanisa zima lilisikia.

Pascalia alimgeukia Beldina. Kisha akasema, "Mama Wesley, mmesema leo ni siku yangu."

"Ndiyo, mama, lakini..."

"Basi wacha nikae."

Akaenda meza ya wageni, akaketi kando ya Mchungaji Khaemba. Mchungaji akaanza kusoma Biblia yake kwa bidii ya ghafla.

Akina mama wa kamati wakaingia jikoni na viatu vyao virefu. Obusuma, ugali wetu, ulitoka na madonge, na ingokho, nyama ya kuku, waliiunguza upande mmoja na kuiacha mbichi upande wa pili. Wanaume wao, ambao hakuna hata mmoja aliyefikiria kubeba kuni, walikaa wakinung'unika juu ya huduma.

Chemutai, mke wa mmoja wa wageni, ndiye aliyeinuka. Alivua viatu, akachukua jagi na beseni, akawapita wachungaji waliokuwa wamenyoosha mikono tayari. Akapiga magoti mbele ya Pascalia.

"Nawa, dada."

"Si uanze na wachungaji?"

"Watangoja."

Maji yakamwagika polepole juu ya mikono ile iliyochubuliwa na sabuni. Pascalia alitazama pembeni. "Huku sijawahi kunawishwa," akasema. Kwangu mimi, hiyo ndiyo ibada pekee iliyofanyika siku ile.

Baada ya kula, kamati iliacha sufuria zilivyo, ikaenda kupiga picha nyingine. Jumatatu Pascalia alizikuta zimejaa nzi. Akafunga jiko, akampelekea Beldina ufunguo mlangoni kwake. Siku hizi anafanya kazi kwa Chemutai, huko Khwisero.

Kamati yetu ilikutana mara mbili kujadili sufuria. Sasa akina mama wanasafisha vyoo kwa zamu, na Beldina huja na glavu, akituambia jinsi kazi hii ilivyo ngumu, kana kwamba ndiye wa kwanza kuifanya.